Asiyekuwepo na Lake Halipo: Barbara Castle na Kura Tunazozitupa

Kila uchaguzi wa Uingereza unapokaribia, maneno ni yale yale katika mabaraza yetu. Tunakutana kwenye hitma, kwenye harusi, kwenye chai ya Jumapili baada ya ibada, na mtu akithubutu kutaja kura hujibiwa papo hapo: "Siasa za Wazungu zinatuhusu nini sisi? Tumekuja kutafuta riziki." Mara nyingi anayesema hivyo ameshakaa hapa miaka ishirini. Amezaa hapa, amesomesha hapa, na pengine amezika hapa. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tumeipita zamani, na jembe tumeliegemeza ukutani tunalitazama.

Tunaandika makala haya kuyapinga maneno hayo. Shahidi wetu ni mwanamke wa Kiingereza ambaye vijana wetu wengi hawajapata kumsikia, ingawa wanakula matunda ya kazi yake kila siku: Barbara Castle, aliyekuwa mbunge wa mji wa Blackburn kwa miaka 34, tangu 1945 hadi 1979. Hatumleti hapa ili tumtukuze. Tutaeleza jema lake na baya lake, maana yote mawili yanatugusa sisi watu wa Afrika Mashariki, na la pili linatugusa zaidi kuliko la kwanza.

Alizaliwa Chesterfield tarehe 6 Oktoba 1910, binti wa ofisa wa kodi aliyekuwa msoshalisti, akakulia Yorkshire, akasoma Oxford, kisha akafanya kazi ya uandishi wa habari. Blackburn ilikuwa mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire, na wanawake walikuwa nguzo ya viwanda hivyo. Ulipokaribia uchaguzi wa 1945, wanawake wa chama cha Leba mjini humo walishikilia kwamba lazima awemo mwanamke katika orodha ya wanaotaka kuteuliwa. Ndivyo alivyopata mlango. Tunaomba msomaji aliweke jambo hilo akilini: hata mwanzo wa mama huyu ulitokana na watu waliokuwepo kikaoni wakasema wanataka nini.

Sasa tuje kwenye mwaka 1955. Katika uchaguzi wa Mei mwaka huo Castle aliponea chupuchupu, akashinda kwa kura 489 tu. Kura 489! Katika harusi zetu za London na Leicester tumeshaona waalikwa wengi kuliko hao. Mbunge wa namna hiyo, kwa hesabu ya kawaida ya siasa, hutulia jimboni kwake. Huhudhuria kila tamasha, hufungua kila duka, humshika mkono kila bibi kizee, akiomba Mungu miaka mitano ipite salama.

Yeye mwezi Novemba mwaka ule ule alipanda ndege akaenda Kenya. Nauli ililipwa na gazeti la Daily Mirror, na shabaha ya safari ilikuwa kifo cha mtu mmoja. Kamau Kichina alikuwa mfanyakazi wa kawaida, si jemadari wa Mau Mau wala mwanasiasa. Alituhumiwa wizi, akapigwa kwa siku kadhaa akiwa mikononi mwa polisi mpaka akafa. Wazungu waliohusika hawakuhukumiwa kwa kuua, bali kwa kosa la kudhuru, na kifungo chao kikawa kifupi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na huko London wakubwa walikuwa wakisema kwamba makosa kama hayo ni ya mtu mmoja mmoja, utawala wenyewe ni safi. Castle hakukubali. Kabla ya safari alikuwa ameshaandika katika gazeti la Tribune kwamba ndani ya dola ya Kiingereza kumezuka nchi ya kipolisi ambamo sheria imekufa. Alikwenda kutafuta ushahidi, akaongea na maofisa wa polisi waliochoshwa na waliyoyaona, akarudi na faili mkononi.

Tunaitazama safari hiyo kwa jicho la ufundi, maana baadhi yetu tulikuja nchi hii kusomea uhandisi na hatuwezi kuacha kutazama jinsi chombo kinavyofanya kazi. Castle hakuanza na hotuba kuhusu ubeberu, ingawa za namna hiyo alizijua. Alianza na jina la mtu, tarehe, mahali na hukumu ya mahakama. Jambo likiwa na jina na tarehe, waziri hawezi kulikwepa kwa maneno ya jumla. Likiulizwa bungeni, jibu lake huandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na jibu la uongo likishaandikwa hubaki pale likimngoja aliyelitoa. Alan Lennox-Boyd, waziri wa makoloni wa wakati huo, aliulizwa maswali ya Kenya hadi akachoka nayo.

Kisha ikaja Hola. Wasomaji wetu wa Mto Tana na Lamu hawahitaji kuambiwa Hola iko wapi. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu wa Mau Mau katika kambi ile walipelekwa kwa nguvu kwenda kuchimba mfereji wa kumwagilia mashamba. Walipokataa kufanya kazi, askari jela waliwapiga marungu. Waafrika 11 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uchunguzi wa mahakama ulionyesha kwamba walikufa kwa kipigo, na bado hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Bunge la Makabwela lilijadili mauaji hayo usiku wa tarehe 27 Julai 1959 mpaka alfajiri ya siku ya pili. Castle alikuwepo, akasema. Na mtu mwingine aliyesema usiku ule, kwa ukali ambao waliomsikia hawakuusahau, alikuwa mbunge wa Kihafidhina aliyeishambulia serikali ya chama chake mwenyewe, akisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa watu wa kwao na kipimo kingine kwa Waafrika. Jina lake lilikuwa Enoch Powell. Ndiyo, Powell yule yule. Tutarudi kwake.

Kuna jambo moja katika habari ya Hola ambalo vitabu hulitaja kwa haraka nasi tunataka kulikokoteza. Mahabusu wa makambi ya Kenya hawakukaa kimya wakingoja kuonewa huruma. Waliandika barua. Waliandika kwa vipande vya karatasi, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza cha kujikongoja, wakazipenyeza nje ya seng'enge hadi zikafika London mikononi mwa wabunge kama Castle na Fenner Brockway. Hao walikuwa watu wasio na kura, wasio na hati ya kusafiria, wasio hata na viatu. Walijua kwamba katika nchi ya mbali kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali, na kwamba mtu huyo haulizi asichoambiwa. Leo sisi tunaishi hatua chache kutoka kwenye ofisi ya mbunge, tuna simu mkononi, na tunasema hayatuhusu.

Mwaka 1964 Castle aliingia katika baraza la mawaziri la Harold Wilson, na hapa tutapita kwa haraka kwa kuwa orodha ni ndefu. Alipokuwa waziri wa uchukuzi, yeye asiyekuwa na leseni ya udereva, alileta kipimo cha kumpulizisha dereva aliyelewa mwaka 1967, akaufanya mwendo wa maili 70 kwa saa kuwa kikomo cha kudumu. Mwaka 1966 watu karibu 8,000 waliuawa barabarani nchini Uingereza. Mwaka 1968 walikuwa 6,810. Tunaolala usingizi huku watoto wetu wako njiani kurudi kutoka chuoni tuna deni hapo. Mwaka 1968 aliwapokea wanawake mafundi cherehani waliogoma katika kiwanda cha magari cha Ford huko Dagenham, wakanywa chai naye, na miaka miwili baadaye ikapita Sheria ya Mishahara Sawa ya 1970. Mwaka 1975 alipitisha sheria ya posho ya watoto, ambayo ilianza na mtoto wa kwanza badala ya wa pili, na fedha zikaenda mkononi mwa mama badala ya kupitia kwenye mshahara wa baba. Mama zetu wangapi wamenunulia sare za shule kwa posho hiyo bila ya kumwomba mtu? James Callaghan alipokuwa waziri mkuu mwaka 1976 alimwondoa Castle serikalini, na wengine wakajaribu kuichelewesha posho yenyewe, lakini ilikuwa imeshakuwa sheria.

Kipo kisa kimoja cha siku za uchukuzi ambacho hatuwezi kukiruka. Januari 1966 palikuwa na uchaguzi mdogo katika jimbo la Hull Kaskazini. Serikali ya Wilson ilikuwa na wingi mdogo mno bungeni, na kupoteza kiti hicho kungeitikisa. Watu wa Hull walikuwa wakidai daraja juu ya mto Humber kwa miaka na miaka, na kwa miaka na miaka wakiambiwa hesabu haziruhusu. Castle akaenda Hull kabla ya upigaji kura akatangaza kwamba daraja lao litajengwa. Chama chake kikashinda kwa kura 5,351, ilhali uchaguzi uliotangulia kilishinda kwa kura 1,181. Daraja lilifunguliwa mwaka 1981, likiwa na urefu wa mita 1,410 kati ya minara yake miwili. Hadi 1998 halikuwepo daraja la kuning'inia lenye upana kama huo duniani.

Sisi wahandisi tumefundishwa kwamba daraja hubebwa na nyaya za chuma na minara ya zege. Daraja la Humber lilibebwa kwanza na karatasi za kura. Wapo wanaosema lilikuwa hongo, na deni lake liliwalemea watu wa huko kwa miaka mingi, hatubishani nao. Tunachouliza ni hiki: barabara yenye mashimo mbele ya msikiti wetu, zahanati iliyofungwa mtaani kwetu, darasa la Kiswahili lililonyimwa chumba na shule, vimekosa nini ambacho watu wa Hull walikuwa nacho? Hawakuwa na haki kutuzidi. Walikuwa na kiti ambacho kila mtu alijua kinaweza kwenda huku au kule, na watu ambao kila mtu alijua watatoka siku ya kura.

Sasa tuje kwenye baya. Mwishoni mwa 1967 serikali ya Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wakaazi wasiokuwa raia. Maelfu ya Wahindi wa Nairobi, Kisumu na Mombasa walikuwa na hati za kusafiria za Kiingereza, walizopewa kihalali wakati wa uhuru. Walikuwa majirani zetu, wenye maduka na mafundi na makarani, watu wanaotaniana na kugombana kwa Kiswahili. Walipoanza kuja Uingereza, magazeti yakapiga kelele, na Powell akawa miongoni mwa waliopiga kelele kubwa zaidi. Basi serikali ya Leba ikaandika sheria mpya ya uhamiaji, ikaipitisha katika mabaraza yote mawili kwa muda wa siku tatu, na tarehe 1 Machi 1968 ikawa sheria. Mwenye hati ya Kiingereza asiyekuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa Uingereza alifungiwa mlango. Vibali vilivyotengwa vilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Kwa maneno mengine, hati ya mweupe ilibaki hati, na hati ya mweusi na Mhindi ikawa karatasi. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba watu hao walibaguliwa kwa rangi yao na kudhalilishwa.

Barbara Castle alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya baraza la mawaziri. Mama aliyevuka bahari kwa ajili ya Kamau Kichina, aliyekuwa rais wa harakati ya kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini miaka michache tu kabla, hakujiuzulu. Alikuwa na mswada wake mkubwa wa uchukuzi wa kupigania. Aliyesimama waziwazi kuipinga sheria ile alikuwa Iain Macleod, Mhafidhina, waziri wa zamani wa makoloni, aliyesema kwamba watu hao waliahidiwa na ahadi ni ahadi. Kabla ya miezi miwili kupita, tarehe 20 Aprili 1968, Powell alitoa Birmingham ile hotuba yake ya kuwatisha Waingereza kwa wageni. Mtetezi wa maiti 11 wa Hola alikuwa sasa hataki Mwafrika wala Mhindi aliye hai awe jirani yake.

Tumeliwaza sana jambo hili. Ni rahisi kusema Castle alikuwa mnafiki, tukafunga kitabu. Sisi hatuoni hivyo. Moyo wake wa 1968 ulikuwa ule ule wa 1955, na wakati wa kumsukuma ndio uliobadilika. Mwaka 1955 na 1959 meza yake ilijaa barua za mahabusu, mawakili na wamisionari, na mbele yake palikuwa na serikali ya chama kingine. Mwaka 1968 serikali ilikuwa yake, na barua zilizomiminika Westminster zilikuwa za watu wenye kura wakidai mlango ufungwe. Wale waliokuwa wakifungiwa walikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa Nairobi, na jamaa zao waliokwisha kufika hapa walikuwa wachache, wapya, na wengi wao hawakuwa wamejiandikisha. Hakuna mbunge aliyepoteza kiti kwa kuwafungia mlango. Wengi waliogopa kukipoteza kwa kuufungua.

Hilo ndilo somo lenyewe. Wema wa mwanasiasa ni kitu cha kweli, tumeuona kwa macho, lakini hausimami peke yake. Huhitaji kuegemezwa, kama ukuta unavyohitaji nguzo wakati wa upepo. Upepo ukivuma kutoka upande mmoja na upande wa pili hakuna mtu, hata ukuta mzuri huanguka. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tutajibiwa. Tunayajua majibu, maana tumeyasikia na wengine wetu tuliwahi kuyasema.

La kwanza: "Sisi hatuna haki ya kupiga kura, si raia." Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu kwa wengi wetu si kweli. Mtu mzima raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, nchi za Jumuiya ya Madola, anayeishi Uingereza kwa kibali halali, ana haki ya kujiandikisha na kuchagua mbunge wa Uingereza. Hahitaji hati nyekundu wala ya buluu. Hata mwanafunzi aliyefika mwaka jana kusoma shahada anaweza. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Komoro, Somalia na Oman hawana haki hiyo mpaka wachukue uraia, ingawa wanaoishi kihalali Scotland na Wales wanaweza kupiga kura katika mabunge ya huko na katika halmashauri. Asiyekuwa na kibali asijaribu, itakuwa kosa. Lakini mwenye kibali anayesema hana haki anajinyima mwenyewe halafu anamlaumu Mzungu. Tangu Mei 2023 kitambulisho chenye picha kinahitajika kituoni, na pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inakubaliwa. Pasipoti hiyo hiyo uliyoificha chini ya godoro.

La pili: "Nikijiandikisha wadai watanifuata." Wadai wana njia zao nyingi za kukupata. Daftari linalouzwa kwa kampuni unaweza kuomba jina lako litolewe. Kwa upande wa pili, benki hutazama daftari la wapiga kura inapopima kama ikukopeshe, kwa hiyo anayejificha humo anajifungia mlango wa nyumba anayotaka kununua.

La tatu: "Kura yangu moja itafanya nini?" Tumeshataja kura 489 za Castle. Katika uchaguzi wa 2024 jimbo la Hendon, kaskazini mwa London, liliamuliwa kwa kura 15. Hata daladala moja haijai. Mwaka huo huo, Blackburn, mji wa Castle mwenyewe, ambao chama chake kilikuwa kimeushikilia tangu 1955, ulichukuliwa na mgombea binafsi kwa kura 132. Hatusemi alistahili au hakustahili. Jarida hili halina chama. Tunasema kwamba familia zilizokuja Blackburn kutoka India na Pakistan kufanya kazi za usiku viwandani, ambazo zamani nazo zilisema hayatuhusu, siku hizi hakuna anayezipita bila ya kuzipigia hodi.

Na kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaijui. Mipaka ya majimbo huchorwa kwa kuhesabu waliojiandikisha, wala si wanaoishi. Katika ugawaji wa 2023 kila jimbo la kawaida lilitakiwa liwe na wapiga kura waliojiandikisha kati ya 69,724 na 77,062. Mtaa wenye watu wengi wasiojiandikisha huunganishwa na mtaa mwingine hadi idadi ifike, na wote wakabanwa chini ya mbunge mmoja. Kwa hiyo usipojiandikisha hupotezi kura yako tu, unampunguzia uzito na jirani yako. Katika hesabu ya taifa wewe haupo.

La nne: "Wote wezi." Wapo wezi, hatukatai. Lakini hata mwizi huogopa nyumba yenye taa. Mwaka juzi mama mmoja wa jamii yetu, mtu mzima, alikuwa akingoja jibu la maombi yake ya ukaazi kutoka ofisi moja ya serikali kwa zaidi ya mwaka. Aliambiwa na kila mtu asubiri. Akakosa maziko ya mdogo wake Tanga, kwa kuwa angetoka asingeweza kurudi. Kijana wa jirani ndiye aliyemchukua siku mbunge anapokutana na watu wa jimbo, wakakaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa maktaba, wakaeleza kwa robo saa. Mbunge akaandika barua. Jibu lilikuja katika wiki sita. Mama yule alipotusimulia hakufurahi. Alilia, akasema, "Wanangu, kumbe mlango ulikuwepo. Mbona hamkuniambia kabla Saidi hajafa?"

Hatukuwa na la kumjibu. Baadhi yetu tuna digrii mbili, tunajua kusoma sheria na michoro, na hatukuwa tumemwambia. Makala haya yametokana na swali lake.

Barbara Castle aliendelea hadi uzeeni. Baada ya kuacha ubunge mwaka 1979 alikaa miaka kumi katika Bunge la Ulaya, kisha akaingia Baraza la Malodi mwaka 1990. Alipokaribia miaka 90, akiwa hana tena macho mazuri, bado alikuwa akiwakera viongozi wa chama chake mwenyewe kuhusu pensheni za wazee. Alifariki tarehe 3 Mei 2002. Hakuwahi kuona siku ya tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza iliposimama katika Bunge lile lile ikaeleza majuto yake kwa mateso ya Kenya na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Kati ya waliofungua kesi hiyo mwaka 2009 alikuwemo mzee Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika kipigo cha Hola. Alingoja miaka 54. Faili lililoanzwa na barua za seng'engeni lilifungwa na watu wale wale walioteswa, baada ya wabunge waliowatetea kufa, kwa sababu wenyewe hawakuacha kudai.

Basi tunawaomba wasomaji wetu wa Uingereza mambo mawili. Kila nyumba ijiandikishe mwezi huu; kazi yenyewe haizidi dakika kumi, na asiyejua kutumia kompyuta aje ukumbini Jumamosi, tutakaa naye. Na kila mwenye faili lililokwama atafute siku ya mbunge wake, aende na jina, tarehe na barua zake, kama Castle alivyokwenda Nairobi. Wasomaji wetu wa Marekani na Ghuba wana sheria zao tofauti, lakini wanajua wenyewe ni mlango gani ulio wazi kwao ambao hawajaubisha hodi.

Jembe bado liko ukutani.